Kutoka Kipatimu hadi Mumbai, hesabu saa kwanza

Swali lililofika wiki hii kutoka Kipatimu, wilayani Kilwa, ni fupi: kutoka kiwanja cha ndege cha Dar es Salaam hadi kile cha Mumbai ni kilomita ngapi? Aliyeuliza ni baba wa mtoto wa miaka tisa mwenye sikoseli. Ndugu wamechanga, hospitali ya India imekwishapatikana, na mkata tiketi amewapa bei tatu kwa njia tatu tofauti. Baba anataka kujua njia ipi ndiyo fupi ili mwanawe asichoke sana.

Jibu la kilomita ni rahisi. Ni kama kilomita 4,700 kwa mstari wa moja kwa moja. Nikiishia hapo nitakuwa nimemjibu kama mwalimu wa jiografia, na mtoto atasafiri vilevile kama ambavyo angesafiri bila jibu langu. Maana mgonjwa hachoshwi na kilomita. Anachoshwa na saa anazokaa kitini, hewa anayovuta, maji anayokosa na usingizi unaokatika. Kilomita ni mlango tu wa kuingilia kwenye hesabu hiyo, na wengi wetu tunaishia mlangoni.

Hata hivyo tuupitie mlango wenyewe, kwa sababu mzazi akijua namba inatoka wapi, hadanganywi kirahisi. Mwenye mtoto wa kidato cha tatu nyumbani amwombe amfungulie mada ya dunia kama tufe katika daftari la hisabati. Ndiyo hii hii. Dar es Salaam iko kama nyuzi 7 kusini ya ikweta na nyuzi 39 mashariki. Mumbai iko nyuzi 19 kaskazini na nyuzi 73 mashariki. Kwenda juu ni nyuzi 26, kwenda pembeni ni nyuzi 34. Uzi mmoja wa latitudo ni kilomita 111 hivi, na huku karibu na ikweta hata ule wa longitudo unakaribia kiasi hicho hicho. Kwa hiyo juu ni kilomita 2,900, pembeni ni 3,750. Chukua kanuni ya pembetatu ya Pythagoras, unapata kilomita 4,700 na ushei kidogo. Kompyuta inayozingatia mviringo wa dunia inatoa 4,680. Tofauti yake haizidi safari ya kutoka Kipatimu kwenda barabara kuu.

Hesabu hii ya pembetatu inakubali kwa Mumbai kwa sababu tupo karibu na ikweta. Anayekwenda London au Marekani asiitumie, itamdanganya. Huyo achukue tufe la shuleni, avute uzi wa kushonea kati ya miji miwili mpaka ukaze, kisha aupime uzi huo kwenye ikweta ya tufe lile lile. Mzunguko wa dunia pale ikweta ni kama kilomita 40,000. Uzi uliokaza utapita mahali ambapo rula kwenye ramani ya ukutani isingepita, na ndiko ndege zinakopita kwa kukadiria.

Sasa tuzigeuze kilomita ziwe saa. Ndege kubwa ya abiria huenda kama kilomita 850 kwa saa ukizingatia safari yote. Gawanya umbali kwa 850, ongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Kwa kilomita 4,700 inakuja saa sita. Air Tanzania ilipoanzisha safari za moja kwa moja kati ya Dar es Salaam na Mumbai, Julai 2019, hicho ndicho kilikuwa kivutio chake kwa wagonjwa: unapanda mara moja, unashuka mara moja.

Njia ya pili aliyopewa baba yule inapitia Dubai. Dar es Salaam hadi Dubai ni karibu kilomita 4,000, na Dubai hadi Mumbai ni 1,900 na ushei. Jumla ni 5,900. Ukitazama kilomita tu, ongezeko ni la robo. Ukitazama saa, ni jambo jingine kabisa: saa tano na kitu angani, kisha kusubiri ndege ya pili, tuseme saa tano, kisha karibu saa tatu nyingine. Safari ya saa sita imekuwa ya saa kumi na tatu, na ndege haikuruka mara mbili ya umbali. Ile njia ya tatu yenye bei ya chini kabisa ilikuwa na vituo viwili na kulala kwenye viti vya uwanja usiku mzima. Hiyo sikuihesabu.

Kuna mtego mwingine kwenye tiketi ambao nimeuona ukiwanasa watu wazima wenye elimu yao. Saa za kuondoka na kufika huandikwa kwa majira ya mahali husika. India iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Tiketi ikisema unaondoka 23:00 na kufika 07:30, macho yanasoma saa nane na nusu, kumbe angani ni sita tu. Wakati wa kurudi inageuka, safari inaonekana fupi kuliko ilivyo. Na tukumbuke kwamba tiketi haijui saa za Kiswahili: 05:00 ni saa kumi na moja alfajiri, na 23:00 ni saa tano usiku. Aliyesoma 11:00 akadhani ni saa kumi na moja jioni ameachwa na ndege, hana wa kumlaumu, na mgonjwa wake amekaa barazani.

Mpaka hapa tumehesabu kuanzia Dar es Salaam, kama kila mtu anavyofanya. Mkata tiketi anaanzia hapo, hospitali ya India inaanzia hapo, hata barua ya rufaa mara nyingi inaanzia hapo. Lakini mtoto huyu haishi jirani na uwanja wa ndege. Anaishi kwenye vilima vya Matumbi. Ukivuta uzi kwenye ramani, kutoka Kipatimu hadi uwanja wa Julius Nyerere hazifiki kilomita 200. Ndege ndogo ingemaliza kwa chini ya saa moja. Gari haliendi kwa uzi. Linatoka Kipatimu kuteremka hadi Njianne kwenye barabara kuu, halafu linapanda kaskazini kupitia Somanga, Ikwiriri na Mkuranga. Ni karibu kilomita 300, na kipande cha kwanza ndicho kinachokula muda na mgongo.

Kuna atakayesema tupande ndege Kilwa Masoko, kiwanja kipo. Ni kweli kipo, na kutoka Masoko hadi Dar es Salaam kwa anga ni kama kilomita 230 tu. Ila mtu wa Kipatimu, ili akaipande, lazima kwanza ashuke hadi barabara kuu, aelekee kusini hadi Nangurukuru, akate kushoto kwenda Masoko. Amesafiri barabarani zaidi ya kilomita 100 akiipa Dar es Salaam kisogo. Kwa ndege ya dharura iliyokodiwa kumfuata mgonjwa mahututi jambo hilo lina maana. Kwa safari ya kawaida, sioni.

Basi tujumlishe kwa haki. Tuseme saa saba barabarani na vituo vyake. Saa tatu uwanjani kabla ya kuruka. Saa sita angani. Saa mbili za foleni ya uhamiaji, mizigo na teksi hadi hospitali. Hizo ni saa 18 kwa njia ya moja kwa moja. Kwa njia ya Dubai ni 25. Wazee wa pwani hii, enzi misafara ikiingia Kilwa Kivinje kutoka upande wa Ziwa Nyasa, hawakuuliza maili. Waliuliza siku za mwendo. Rubani naye, pamoja na mitambo yake yote, hesabu yake ya mafuta inaishia kwenye dakika. Ni sisi wa katikati tu, wenye simu, tunaoshangilia kilomita.

Kwa nini nang'ang'ania saa? Kwa sababu mwili nao unazihesabu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2007 matokeo ya utafiti wake kuhusu safari ndefu na damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Ilionekana kwamba mtu akisafiri amekaa saa nne au zaidi, hatari ya kupata bonge la damu inakaribia kuwa mara mbili. Tusitishane: hata baada ya kuongezeka, ni kama mtu mmoja kati ya 6,000. Lakini kuna mambo mawili katika utafiti ule ambayo huku kwetu hayasemwi vya kutosha. La kwanza, ndege haina dhambi ya peke yake. Basi, treni na gari dogo vimo pia, kwa sababu kinachogandisha damu ni kukaa bila kutembea. La pili, hatari haiishi unaposhuka. Hukaa kwa wiki kadhaa, na safari zinazofuatana kwa karibu hujazana juu yake.

Kwa hiyo msafiri wa Kipatimu amekwishavuka zile saa nne kabla hajaiona ndege kwa macho. Akiunganisha basi na ndege siku hiyo hiyo, anaanza safari ya pili miguu ikiwa imekwishavimba.

Na hapa nataka wazazi wanisikilize vizuri. Mabonge ya damu ya namna hii ni nadra kwa watoto. Anayeyapata zaidi ni yule anayempeleka mtoto. Mama aliyejifungua miezi miwili iliyopita, mama anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango, bibi mnene mwenye miaka 65, baba aliyewahi kuvimba mguu mmoja akasema ni uchovu. Mama amempakata mtoto saa sita nzima, hanyanyuki asije akamwamsha, hanywi maji ili asihangaike na choo. Anafika India akiwa mzima, siku ya nne mguu mmoja unauma na kuvimba nyuma ya goti, yeye anasema nipo kwa ajili ya mtoto, yangu yatasubiri. Hayasubiri. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikabana ghafla na pumzi kukatika, hiyo ni dharura, na bahati nzuri tayari uko hospitali. Njiani, simama kila baada ya saa moja au mbili, zungusha vifundo vya miguu ukiwa kitini, kunywa maji. Soksi za kubana na dawa za kuzuia damu kuganda ni za kuandikiwa baada ya kupimwa. Usimeze aspirini kwa ushauri wa jirani wa kiti.

Tuje kwenye hewa. Ndani ya ndege hewa husukumwa ili tuweze kupumua, ila haifikishwi kwenye uzito wa hewa ya pwani. Inakuwa kama hewa ya mahali penye mwinuko wa mita 1,800 hadi 2,400. Mji wa Njombe uko kwenye mita 2,000 hivi. Maana yake, mtoto aliyezaliwa na kulelewa Kipatimu anapandishwa kwenye hewa ya Njombe au zaidi, ghafla, akiwa amekaa, kwa saa sita. Mzima hahisi kitu. Mwenye mapafu mabovu, moyo wenye tundu, upungufu mkubwa wa damu au sikoseli anaweza kuhisi. Ndege aina ya Boeing 787 imeundwa ibaki kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800 na isiende zaidi, ndiyo maana si ushamba kumwuliza mkata tiketi ni ndege ya aina gani.

Kipimo cha kwanza kinafanyika Kipatimu kwenyewe. Ni kile kifaa cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni. Kwa mwenye ugonjwa wa mapafu, akisoma zaidi ya 95 mtu akiwa ametulia, kwa kawaida hahitaji oksijeni angani. Chini ya 92, ahesabu kwamba ataihitaji. Katikati ya hapo daktari aamue baada ya kumwangalia zaidi. Namba hiyo iandikwe kwenye barua yenye tarehe, kwa sababu shirika la ndege litaiuliza.

Oksijeni ndipo saa zinapogeuka kuwa uhai. Mtungi mdogo wa lita 340, mgonjwa akitumia lita mbili kwa dakika, unakwisha kwa dakika 170. Hazifiki saa tatu. Ukianza nao Kipatimu, unaweza kuisha kabla gari halijavuka daraja la Mkapa kwenye mto Rufiji. Anayesema "mtungi upo kwenye gari" hajasema kitu mpaka aseme ni wa lita ngapi na utatumika kwa dakika ngapi. Hesabu hiyo ni ya darasa la tano: lita zilizomo gawanya kwa lita za kila dakika. Kisha ongeza akiba, kwa sababu lori linaweza kukwama mbele yenu.

Ndani ya ndege mtungi wako wa nyumbani kwa kawaida haukubaliwi. Shirika linatoa la kwake kwa kuombwa mapema, au linakubali mashine ndogo ya kubeba inayotengeneza oksijeni kwa betri. Mengi hudai betri za kutosha mara moja na nusu ya muda wa safari. Kwa safari ya saa sita, betri za saa tisa. Na ukipitia njia ya ndege mbili, ni maombi mawili, na katikati kuna uwanja ambao hakuna aliyekuahidi oksijeni. Nimesikia watu wakisema tofauti ya bei kati ya njia ya moja kwa moja na ile ya kuunganisha ni anasa. Kwa mtoto anayetegemea oksijeni hiyo ni gharama ya matibabu, iwekwe kwenye fungu moja na upasuaji na dawa wakati wa kuchangisha.

Kwa mgonjwa mwingine hesabu inaweza kugeuka. Mtu mzima ambaye hali yake imetulia, anayekwenda kuangaliwa jicho au kurudia vipimo, hana sababu ya kuogopa kituo cha katikati. Ndege mbili za saa tano na saa tatu, akatembea uwanjani baina yake, zinaweza kuwa na huruma zaidi kwa miguu kuliko ndege moja ya saa kumi na nne. Ndiyo sababu sipendi ushauri wa jumla unaosambazwa kwenye makundi ya simu. Muulize mgonjwa wako, si mgonjwa wa jirani.

Kwa sikoseli, miongozo ya usafiri wa anga inataka zipite kama siku kumi tangu mtoto amalize shambulio la maumivu. Apande akiwa amekunywa maji vya kutosha na aendelee kunywa, kwa sababu hewa ya ndege ni kavu. Avae sweta na soksi, kwa maana baridi humwamshia maumivu. Dawa za maumivu na haidroksiyurea zikae kwenye mkoba wa mkononi. Vivyo hivyo insulini kwa mwenye kisukari. Chini kwenye mizigo inaweza kuganda na kuharibika. Na homa kwa mtoto anayetoka Lindi isiitwe uchovu wa safari kabla hajapimwa malaria. Daktari wa Mumbai aambiwe mtoto ametoka wapi.

Wengine kwa kifupi. Mjamzito wa mtoto mmoja, mashirika mengi humpokea hadi wiki ya 36, wa mapacha hadi 32, na baada ya wiki ya 28 watataka barua. Mtoto mchanga asipande kabla ya saa 48 tangu azaliwe, na ni afadhali wiki ipite. Aliyefungwa plasta ngumu mfupa ukiwa umevunjika jana asubiri siku mbili au plasta ipasuliwe, maana mguu huvimba. Mwenye kifua kikuu kinachoambukiza haruhusiwi kabisa. Na hapa pia saa zinaongoza: Shirika la Afya Duniani linapofuatilia abiria waliokaa karibu na mgonjwa wa kifua kikuu, linaangalia safari za saa nane na zaidi, na linahesabu hata muda ndege ilipokaa chini milango ikiwa imefungwa.

Lakini yote haya yanakuja baada ya swali ambalo baba yule hakuniuliza, nami nimemjibu bila kuulizwa. Je, kuna lazima ya kwenda? Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, ipo tangu 2015 na inapasua mioyo ya watoto ambao zamani wangepelekwa India. Muhimbili ilianza kupandikiza figo 2017. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza mwaka 2023 kupandikiza uloto kwa watoto wenye sikoseli. Ukifika Dar es Salaam kutoka Kipatimu, Dodoma ni chini ya saa nne kwa treni ya SGR, mtoto anaweza kutembea kwenye behewa, na hewa yake ni ya mita 1,100. Si kila mtoto anafaa kupandikizwa uloto, na nafasi zina foleni yake. Ila kabla ya kuuza shamba la korosho, mtoto akaonwe kwanza na mabingwa wa hapa, na jibu lao litolewe kwa maandishi. Rufaa ya kwenda nje ianzie kwao, isianzie kwa mtu anayelipwa kwa kila mgonjwa anayempeleka.

Maoni yangu kwa wanaoandika rufaa ni haya. Barua ya rufaa ya mgonjwa anayetoka vijijini iongezwe mstari mmoja unaosema jumla ya saa za safari kuanzia kitandani kwake. Si kutoka Dar es Salaam. Kutoka kitandani. Daktari akilazimika kuiandika namba hiyo, atalazimika kuifikiria: saa 25, oksijeni 91, mama ana mimba ya wiki 30. Mstari huo peke yake utawafanya baadhi ya wagonjwa walazwe Dar es Salaam siku mbili wapumzike kabla ya kupanda ndege, na utawafanya wengine wasiondoke mpaka wapate nguvu. Na kwa wajawazito na watoto wachanga wenye dharura, ambao hawana muda wa barua, namba ya m-mama ni 115, haina malipo. Ihifadhiwe kwenye simu kabla ya uchungu kuanza, kwa sababu gari linatoka mbali na dakika zinaanza kuhesabiwa pale unapopiga.

Mzazi naye ana kazi yake. Unapopewa bei tatu, omba kwa kila moja upewe saa ya kuondoka, saa ya kufika na muda wa kusubiri, uziandike kwenye karatasi, utoe zile saa mbili na nusu, kisha juu yake uongeze saa za kutoka nyumbani. Karatasi hiyo mpelekee daktari kabla ya kulipa. Dakika kumi za daktari hapo zina thamani kuliko ushauri wangu wote.

Kurudi kuhesabiwe hivyo hivyo, tena kwa uangalifu zaidi, kwa sababu anayerudi amepasuliwa. Baada ya upasuaji wa tumbo au kifua hewa iliyobaki ndani hutanuka ndege inapopanda, kiasi cha karibu theluthi. Kwa hiyo tarehe ya tiketi ya kurudi iamuliwe na daktari aliyemshona, na tiketi iwe ya aina inayokubali kubadilishwa. Waambieni wakati bado mpo huko kwamba baada ya uwanja wa ndege kuna barabara ya saa saba, kipande chake ni cha vumbi na mashimo; daktari wa Mumbai anadhani mnashukia nyumbani. Barua ya kuruhusiwa iwe na nakala mbili, moja ibaki hospitali ya Kipatimu, na iseme wazi mshono utolewe lini na dalili zipi za kumrudisha mgonjwa haraka.

Halafu kuna masika. Mei 2024 mvua zilizoletwa na Kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya kusini maeneo ya Somanga, na waliokuwa Dar es Salaam wakitaka kurudi Kilwa na Lindi wakabaki walipo. Mwenye tiketi ya kurudi Aprili au Mei atafute mapema ndugu wa kumpokea Dar es Salaam, karibu na hospitali kama inawezekana, na abebe dawa za siku kumi zaidi ya zile alizoandikiwa za njiani.